Kiondo Hakirudi Kitupu

Wewe unanijua, mimi si mtu wa sherehe. Nikialikwa harusi natafuta kazi ya jikoni, nisije nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza watu wakisifiana. Kwa hivyo jirani yetu wa zamani aliponipigia simu kutoka Kalimoni, akaniambia Mwalimu anastaafu na shuleni wanamwandalia karamu, nilimuuliza moja kwa moja ni sufuria ngapi za pilau. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi hapa Mwiki, kupikia watu shughuli zao. Jirani akacheka. Akasema wapishi wapo, mimi naitwa nikae mbele.

"Mwalimu amesema lazima ukuje," akaniambia. "Ati wewe ndiye msichana wa kwanza alisomesha."

Vitunguu viliungua jikoni nikiwa bado nimeshika hiyo simu. Ati alisomesha! Nilimwaga vile vitunguu, nikaosha sufuria, nikaanza upya, na bado hasira ilikuwa hapo hapo. Basi keti, nikueleze, maana hii hadithi sijawahi kuitoa yote.

Kalimoni ya utotoni mwangu huwezi kuiona leo hata nikikushika mkono nikakupeleka. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa kahawa tu, mistari na mistari, mpaka macho yakachoka. Msimu wa kuchuma ukifika, mashine ya kumenya kahawa ilinguruma huko bondeni tangu asubuhi, na harufu ya maganda yaliyochacha ikapanda mpaka kitandani. Mgeni angeziba pua. Sisi tulijua tu kwamba shule imefungwa, na kesho yake tutakuwa kule chini ya miti na ndoo kiunoni, vidole vikinata utamu wa kahawa mbivu.

Nililelewa na cucu, ndivyo sisi huita nyanya, mama yake mama. Mama alifanya kazi kiwandani Thika, akija nyumbani mwisho wa mwezi na mkate wa siagi kwapani. Asubuhi zangu zote zilikuwa za cucu: moshi wa kuni, kikohozi chake, strungi ya moto, chai isiyo na maziwa, kwenye kikombe cha bati, na nduma iliyochemshwa jana ambayo ilikuwa tamu zaidi ikiwa baridi. Nilichota maji kabla ya shule, nikarudi jioni nikamkatia ng'ombe majani. Githeri, mahindi na maharagwe, ilitokota kuanzia adhuhuri, na cucu aliketi kando ya moto akisokota nyuzi za katani kwenye paja lake, akisuka kiondo. Paja hilo lilikuwa laini na kavu kwa ile kazi ya miaka. Nilipenda kuweka kichwa hapo akimaliza.

Sasa mambo mawili uyajue, ndipo utanielewa. La kwanza ni jina. Mimi nimeitwa jina la cucu, kama desturi yetu ilivyo, na kwetu mtoto aliyepewa jina lako si mjukuu tu. Ni wewe mwenyewe umezaliwa tena. Cucu hakuwahi kukanyaga darasa. Ndugu zake wa kiume walikwenda, yeye akaachwa na mbuzi. Kwa hivyo nilipoanza shule, yeye ndiye alianza shule. Nikirudi jioni hakuniuliza nimefundishwa nini. Aliuliza, "Leo tumefundishwa nini?" Na nikishindwa na hesabu alikasirika akisema mwalimu ametuonea.

La pili ni kiondo. Mtu wa kwetu hatembelei mwenzake mikono mitupu. Anabeba kiondo, ndani kuna viazi, ndizi, chochote shamba lilichotoa. Na mwenye nyumba hakirudishi kitupu. Atatia sukari, atatia majani ya chai, na kama hana kitu atatia hata kitunguu kimoja. Ukimrudishia mtu kiondo kitupu umemwambia kwamba kati yenu kumeisha. Hakuna haja ya matusi. Wanawake wa umri wa cucu walijua lugha hiyo kuliko Kiswahili.

Haya, Mwalimu. Alitufundisha darasa la nane, mwanamke peke yake kwa madarasa ya juu, na nitasema ukweli ingawa unaniuma: alikuwa mzuri. Kila Ijumaa wavulana wakienda kucheza mpira alitubakisha sisi wasichana, akatuambia kwamba sekondari si mali ya ndugu zetu. Alikuwa na usemi wake, kwamba msichana haombi nafasi, anaikalia. Mwenzetu mmoja alipoondolewa shule akachume kahawa, Mwalimu aliingia shambani na viatu vyake vya visigino, akamtoa kwenye mistari mbele ya baba yake na kumrudisha darasani akiwa bado na ndoo. Tulimpenda kupita kiasi. Niliiga mwandiko wake. Mpaka leo natia mkia kwenye herufi zangu kama yeye, na nikiona nakasirika.

Nilifaulu mtihani. Niliitwa shule ya bweni ya wasichana huko Thika, na cucu akazunguka kijiji kizima akiwaambia watu, "Mwaka huu naenda sekondari." Watu walicheka, naye akacheka, lakini hakuwa akitania. Kisha mjomba akaja Jumapili moja, akanywa chai, akasema binamu yangu mvulana tayari yuko sekondari, mshahara wa mama yangu hautoshi, familia haiwezi wawili, msichana angoje. Angoje nini hakusema. Wewe unajua kungoja kwa msichana huishia wapi.

Hapo ndipo Mwalimu alipokuja. Alikuwa amehamia Kahawa Sukari na mume wake, na alisafiri kutoka huko kwa ajili yangu tu. Alimwambia cucu, "Nipe huyu. Karibu na kwangu kuna shule nzuri ya kutwa, atakaa nami kama mtoto wangu." Cucu alilia. Mimi nililia. Hata mjomba, ambaye hakuwa akitoa senti, alipiga makofi.

Na nikwambie kitu kinachonifanya nicheke peke yangu hata leo, kicheko kibaya. Mwalimu alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Tumbo lile pale, limekaa nasi sebuleni kama mgeni wa pili. Sote tuliliona. Tulifurahi nalo! Cucu alimpikia njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu hupewa mwanamke wa kujifungua ili apate maziwa, na majirani wakaleta zao. Tulimbariki mtoto, tukamshika tumbo, tukamwambia asibebe vitu vizito. Kijiji kizima cha wanawake wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani atabeba huyo mtoto.

Januari cucu alinisindikiza mpaka Kahawa Sukari na kiondo chake kizuri kuliko vyote, kile cha mistari ya zambarau na mshipi wa ngozi, kimejaa njahi, nduma na ndizi. Mwalimu alitupokea na mtoto mchanga mikononi. Alitutoa nje akamwonyesha cucu paa la shule kwa mbali, nyuma ya miti. Alinunua hata yunifomu: sketi ya kijani, sweta, shati jeupe. Aliitundika nyuma ya mlango wa chumba changu. Kisha akajaza kiondo sukari na majani ya chai, na cucu akaenda zake akiimba.

Jumatatu niliamka kabla ya jogoo, nikavaa. Mwalimu akasema, polepole, kwamba mtoto anaumwa tumbo, na msaidizi wa nyumba aliyetarajiwa hajafika, basi nimsaidie wiki hiyo moja. Wiki ikawa mwezi. Alipomaliza likizo yake ya uzazi akarudi kazini, na mimi nikabaki na mtoto. Muhula ujao, akasema. Aliniletea vitabu vya kidato cha kwanza nisome mtoto akilala, na nilisoma, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za jikoni, nikisikiliza kengele ya ile shule nyuma ya miti. Kengele ya asubuhi, kengele ya mapumziko, kengele ya chakula. Nilijua ratiba yao yote na sikuwa mmoja wao.

Nilimpenda yule mtoto, sitakudanganya. Alikuwa msichana, mnene, mwenye hasira, halali ila mgongoni mwangu. Nilimwimbia nyimbo za wachumaji. Hatua yake ya kwanza alinijia mimi, kutoka kwenye beseni ya nepi mpaka magotini pangu, na Mwalimu hakuwepo kuiona. Alikuwa kwenye semina mahali fulani mjini, akiwafundisha walimu wenzake namna ya kuwabakiza wasichana shuleni. Alirudi jioni na begi la kitambaa lililoandikwa kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Begi lile likawa la kubebea nepi.

Likizo ya Aprili alinivalisha yunifomu mwenyewe, akanifunga tai, akaniambia nisimsumbue cucu kwa mambo madogo, maana muhula ujao ningeingia na sote tungecheka. Nikaenda Kalimoni nimevaa kijani. Ai, ungemwona cucu. Aliifua ile yunifomu isiyo na uchafu, akaipiga pasi ya makaa, akanipitisha dukani, kanisani, kisimani, mahali ambapo hata hatukuwa na shughuli. Jioni aliuliza tumefundishwa nini. Nikamweleza sehemu za ua, kama nilivyosoma kwenye ngazi za jikoni, naye akachuma ua la boga akalipasua kwa kidole, akitafuta kila sehemu. Alizijua zote kabla ya kulala. Mimi nililala nikitazama ukuta.

Muhula wa pili ukapita hivyo hivyo. Muhula wa tatu ulikuwa umeanza, na mimi nilikuwa nikiamini bado. Usinicheke. Kama mtu mwingine yeyote angeniahidi ningekuwa nimetoroka, lakini huyu ndiye aliyeingia kahawani na viatu vya visigino. Nilijiambia hawezi.

Cucu alisikia kanisani kwamba wazazi huwatembelea watoto wao shule za sekondari na kuwapelekea chakula. Hayo ni mambo ya bweni. Shule ya kutwa mtoto anakula kwao jioni. Lakini nani angemwambia? Alijaza kiondo chake, akavaa kitambaa chake cha Jumapili, akaja siku ya kazi bila kumwambia mtu, na hakuja nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile paa alilooneshwa. Alisimama langoni wakati wa mapumziko, akitafuta uso wangu kwenye kijani chote kile. Mlinzi akamuuliza anamtafuta nani, naye akataja jina langu, ambalo ni jina lake. Mlinzi alikuwa mtu mwema. Aliingia ofisini, akauliza madarasa yote, akarudi akamwambia mama, huyo hatuna.

Mimi nilikuwa kwenye kamba ya nguo, mtoto mgongoni, pini mdomoni. Nilisikia lango likilia, nikageuka, nikamwona na kiondo chake mgongoni, mshipi kwenye paji la uso. Aliniangalia, akaangalia mtoto, akaangalia kamba nzima ya nepi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaniomba maji. Aliketi kwenye ngazi za jikoni, mahali pangu pale pale, akangoja mpaka Mwalimu aliporudi.

Mwalimu alipomwona alichangamka, akaanza salamu nyingi, chai, viti. Aliona kiondo kimejaa, naye akakimwaga jikoni na kukijaza kama desturi: sukari, unga, mafuta ya kupikia, mkate, hata sabuni ya kuogea yenye harufu. Sijawahi kuona kiondo kikijazwa vile. Na wakati wote alikuwa akieleza, jinsi wasaidizi wa nyumba ni shida, jinsi mtoto amenizoea, jinsi Januari bila kukosa.

Cucu alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, mimi leo nilikuwa nimekuja kujiona shuleni."

Cucu akavuta kiondo, akatoa kitu kimoja kimoja, sukari, unga, mafuta, mkate, sabuni, akavipanga mezani bila haraka. Akakitingisha kuhakikisha hakuna kilichobaki. Nilikimbilia chumbani nikachukua yunifomu yangu nyuma ya mlango, na cucu akaniambia niirudishe, hiyo si yetu. Nikamtoa mtoto mgongoni nikamkabidhi mama yake. Alilia, akaninyooshea mikono, na nilimsikia mpaka tukapita kona.

Hiyo ndiyo ilikuwa sekondari yangu. Nafasi ya Thika ilikuwa imepotea zamani, mjomba akasema si niliambiwa ningoje, na msimu wa kahawa ukanikuta shambani na ndoo kiunoni. Cucu hakumlaani Mwalimu hata siku moja. Alikitundika kile kiondo ukutani na hakukituma tena kwa mtu. Jioni hakuuliza tena tumefundishwa nini. Hilo ndilo siwezi kumsamehe Mwalimu. Mimi nilinyimwa shule mara moja; cucu alinyimwa mara mbili, na mara ya pili alinyimwa na mtu aliyempikia njahi.

Basi nilikwenda karamuni. Nilivaa vizuri, nikaketi mbele. Chifu alisema siku hizi anapita nyumba kwa nyumba kuuliza ni mtoto gani hajaripoti sekondari, na hakuna msichana wa kuachwa nyuma, na ni kweli, hata wangu yuko kidato cha tatu na anawapita wavulana. Nilipiga makofi kwa moyo wote. Kisha Mwalimu akasimama, nywele zimekuwa nyeupe, sauti ni ile ile. Akasema kazi yake ilianza na msichana mmoja maskini wa hapa Kalimoni, aliyemchukua nyumbani kwake akamlea kama mtoto wake. Akaniambia nisimame. Wakaniimbia. Nilisimama nikizungukwa na simu za kupiga picha, nikitafuta usoni mwake dalili yoyote ya haya, na rafiki yangu, sikuiona. Alikuwa akitabasamu kwa upendo kabisa. Nadhani anaamini.

Kando yake aliketi binti yake, yule mtoto wangu wa mgongoni, amemaliza chuo kikuu na ni wakili. Alinijia mbio, akanikumbatia.

"Auntie, mama ametuambia habari zako maisha yote," akasema. "Ulimaliza Form Four mwaka gani?"

Wakati huo wanawake walikuwa wameanza foleni ya zawadi, wanaimba, kila mmoja na kiondo kilichojaa mpaka juu. Nami nilikuwa nimebeba changu. Cha mistari ya zambarau, mshipi wa ngozi umepasuka kidogo. Cucu aliniachia mimi, kwa kuwa mimi ndiye yeye. Nilipofika mbele nikamvika Mwalimu shingoni kama wengine walivyofanya. Kilining'inia kifuani pake, kimenywea, hakina uzito wa kitu chochote. Yule jirani aliyenipigia simu alikiona, akaacha kuimba. Akina mama wengine wawili wa umri wake wakaacha. Vijana waliendelea, wakinipongeza, wakisema viondo vya kusukwa kwa mkono kama hivyo havipatikani tena, ni mali.

Mwalimu alikishika kwa mikono miwili. Alikitambua. Tabasamu halikuondoka, ila midomo ilikauka. Binti yake akachungulia ndani, akacheka.

"Auntie, umesahau kutia kitu."

"Sijasahau," nikamwambia. "Muulize mama yako kilipokuja kwenu kilikuwa na nini."

Nikaondoka kabla ya chakula. Huko nyuma ya shule hakuna kahawa tena, wameing'oa mpaka mizizi, ni magorofa na matangi meusi ya maji juu yake, na mahali pa mashine ya kumenya pana duka la simiti. Hakuna harufu. Hakuna mtu anayesokota katani kwenye paja. Hata lugha ya kiondo kitupu naona imebaki na wale akina mama watatu, na wakienda wao, mtu atatukanwa mbele ya umati na atatoka akidhani amepewa zawadi.

Njiani kurudi Mwiki nilishukia Kahawa Sukari, sijui kwa nini. Ile shule bado ipo, paa jipya, miti imekatwa. Kengele ya jioni ilikuwa imelia, na wasichana walikuwa wakitoka, kijani kile kile, wengi, wakisukumana na kuchekana, wakibishana kuhusu kitu walichofundishwa. Nilisimama langoni upande wa kulia, nikawaangalia nyusoni mmoja mmoja. Mlinzi, kijana tu, akaja kwa heshima akaniuliza, mama, unamtafuta nani. Nikamtajia jina letu. Akasema ningoje kidogo, aingie ofisini akaulize.

Sikungoja.